Mimi, Zamani Nikiitwa Mama Bolti

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo nimedhalilishwa kwenye lango la hospitali. Mimi! Mzazi wa daktari!

Nilimpelekea mwanangu koti lake jeupe. Wiki yake ya kwanza kazini na amelisahau kwenye kamba. Nililipiga pasi kwa mkono wangu, kola ikasimama kama askari wa gwaride. Mlinzi akaomba kitambulisho. Nikampa. Akakisoma kwa sauti ya mnadani, kwamba jamani hapa kuna mtu anaitwa Mama Bolti. Wauguzi wawili wakageuka. Mmoja akauliza kama nimeleta vipuri.

Vipuri!

Nieleze hapa ili wajukuu wakija kusoma wasipotee. Kifungua mimba wangu alimeza bolti akiwa bado anatambaa. Bolti ilitoka salama, ashukuriwe Mungu, lakini jina halikutoka. Tangu hapo yeye ni Bolti, mume wangu ni Baba Bolti, na mimi Mama Bolti. Siku ya kuandikishwa vitambulisho karani aliniuliza naitwa nani. Nikasema ukweli. Ukweli ndio huu unaoniponza.

Bolti sasa ni fundi wa magari, tena fundi hasa. Gari linapita barabarani, yeye amekaa ndani anakunywa chai, anakwambia linaumwa wapi. Simlaumu kwa lolote. Lakini kitinda mimba wangu ni daktari! Amesoma ini na figo mpaka macho yakadai miwani. Na hapa jirani yupo mwanamke ambaye mwanawe anasimamia duka la magodoro, basi mtaa mzima unamwita Mama Meneja. Meneja wa magodoro! Hapo anasimamia nini, usingizi?

Nimeamua. Nabadili jina. Si kwa kuwabembeleza watu, maana watu husahau makusudi. Kwa mahakama! Kwa mhuri! Nitakuwa Mama Daktari mpaka kwenye kitambulisho, na yule mlinzi atalisoma hilo mpaka koo limkauke.

Chai ya leo nimekunywa nikitabasamu peke yangu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mahakamani. Nilivaa gauni la mahafali ya mwanangu, lile la zambarau. Mtu akienda kwa serikali ajioneshe.

Karani ni mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akaniuliza nina sababu gani ya kubadili jina. Nikamweleza. Nilianzia pale mwanangu alipokuwa akiwafunga wanasesere bendeji. Nyuma yangu foleni ikarefuka. Bwana mmoja aliyekuja kwa kesi ya mpaka wa shamba akasema kwa uchungu kwamba mtoto wa huyu mama ndiyo kwanza yuko darasa la tano, akifika chuo kikuu shamba litakuwa msitu. Nikamwambia mwanangu darasa la tano alirushwa. Akashika kichwa. Wivu huo.

Karani akanieleza taratibu. Ombi liandikwe. Niape mbele ya wakili. Tangazo litoke gazetini ili mwenye pingamizi ajitokeze. Halafu hakimu aamue. Akaongeza, kwa upole, kwamba huenda hakimu akauliza kama Daktari si cheo. Nikamjibu kwamba mimi siombi cheo, naomba umama, na umama ninao tayari, hata kovu la upasuaji ninaweza kumwonesha. Akavua miwani. Akaivaa tena. Akasema hakuna haja. Alikosa la kunijibu, masikini.

Wakili ofisi yake iko chini ya ngazi za jengo hilohilo. Mlango mfupi, kila mteja anaingia amemwinamia. Kijana mwerevu huyu! Alipomaliza kuchapa akanisomea. *Mimi, zamani nikiitwa Mama Bolti, leo nimelikana, nimeliacha na kulitupilia mbali kabisa na milele jina hilo.* Mwili ukanisisimka. Maneno ya sheria yana ukali kama siki. Nikamwomba arudie. Nikamuuliza kama hawana makali zaidi ya hayo. Akasema hayo ndiyo ya mwisho waliyonayo.

Nikaapa. Niliapa kwa sauti hata mtu aliyekuwa akipanda ngazi juu yetu akasimama.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimewatangazia nyumbani.

Mzee wangu alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Akauliza yeye basi atakuwa nani. Nikamwambia Baba Daktari, twende pamoja kama tulivyooana. Akasema yeye amezoea, na hata siku ya kustaafu stoo walimpa saa ya ukutani imechongwa Baba Bolti, hawezi kuichubua saa. Akauliza tena, mtu akija kumtafuta mke wa Baba Bolti, amwambie nini? Nikasema, amwambie ameondoka, aliyepo ni Mama Daktari. Akanitazama. Akasema sawa, ila yeye ni mtu mzima mwenye heshima zake, hawezi kulala chumba kimoja na mke wa Baba Daktari. Akaendelea na mpini.

Mzee wangu huwa haongei. Akiongea, anaudhi.

Daktari nilimpigia simu. Akasema mama, nakuomba, nakusihi, hapa wodini hata wagonjwa hawaniiti daktari, wananiita dada, dada sogeza feni. Nikamwambia ndiyo maana tunahitaji mahakama. Akanyamaza kwa furaha. Nilimsikia akipumua.

Bolti sijamwambia. Ya nini? Bolti hana makuu, mtoto wa kuridhika na lolote. Isitoshe ana mambo yake. Amepeleka posa! Binti anauza kwenye duka la vipuri, ndipo walipoonana, huyu anatafuta mkanda wa feni na yule anauinua kutoka rafuni. Binti mzuri, hodari, anacheka kwa meno yote. Mjomba wake na shangazi zake wanakuja hapa Jumamosi ya tarehe 15 kutupa jibu. Wanasema mjomba huyo akikohoa ukoo mzima unanyamaza.

Bolti anaihesabu siku hiyo kama mfungwa. Akija kula ananiambia, mama, siku hiyo, tafadhali. Hamalizii tafadhali nini. Nadhani anataka nivae vizuri. Nitavaa zambarau.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siku ya kazi!

Mimi nakodisha viti vya plastiki kwa arusi, misiba na mikutano. Viti vyeupe, imara, mgongoni vimeandikwa MAMA BOLTI visije vikapotea. Nimeona nisingoje hakimu. Mcheza kwao hutunzwa, na mwenye haki yake hangoji ruhusa. Nimechukua kopo la rangi nyekundu lililobaki gereji kwa Bolti, nikaanza.

Kwanza nikaipiga BOLTI mstari mmoja mnene, kiti kimoja baada ya kingine. Fyaa! Fyaa! Kisha jina jipya nikaliandika upande wa mbele, pale mgongo unapoegemea, ili mtu alisome kabla hajakaa na ajue anakalia kiti cha nani. Tatizo ni kwamba pale mbele pana uwazi wa hewa. Herufi zote hazikuenea. Vingi vimeandikwa MAMA DAKTA. Si kitu. Anayejua atajua.

Bolti alipita kuchukua spana yake. Akasimama akitazama. Akauliza vile viti vimefanya kosa gani. Nikamwambia ni maboresho. Akaokota kimoja, akaupitisha mkono juu ya ule mstari mwekundu. Akakiweka chini. Akaondoka bila kunywa chai. Ana kazi nyingi siku hizi, mwanangu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

LIMETOKA!

Ukurasa wa matangazo, kati ya kiwanja kinachouzwa na mbwa aliyepotea. Herufi ndogo lakini nzito. Nilinunua magazeti mpaka muuzaji akaniuliza kama nafunga maandazi. Moja nimelibandika mlangoni. Moja nimempa muuza duka alibandike juu ya mizani. Moja nimempelekea Mama Meneja mkononi, kwa ujirani mwema.

Akalisoma. Akalirudia. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, mwenzangu, hakika ninayo na mhuri ninao. Akauliza, mtoto mwenyewe anajua? Nikasema mtoto mwenyewe anaringa huko hospitalini! Akaniangalia kwa macho ya ajabu, akashika shavu. Akasema jana alikodi viti vyangu, vile ambavyo mbele sijaviandika bado, kwa kikao cha akina mama, wakaona BOLTI imefutwa kwa nyekundu, wakadhani ni watoto wamechezea. Kumbe ni kweli.

Nikamwambia ni kweli tupu.

Nimemwacha mlangoni amepigwa na butwaa. Kumbe mwanamke huyu anaweza kunyamaza! Kama ningejua ningekwenda mahakamani zamani.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mtaa mzima unanistahi. Nikipita, wanainamisha macho. Wengine wananiambia pole. Nadhani ni pole kwa mihangaiko ya mahakamani, si kila mtu anaiweza.

Muuza mkaa alinishika mkono kwa muda mrefu. Akasema mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Nikamuunga mkono, maneno ya busara hayo. Sikujua yamekujaje, lakini mtu akitoa busara bure unapokea.

Alasiri bibi wa nyumba ya pili alikuja na mkongojo wake. Akaketi. Akavuta pumzi. Mwisho akaniambia, binti yangu, mtoto hata akiwa mbaya ni wako. Nikamwambia kabisa, bibi, na nikamtajia yule wa magodoro kama mfano, alivyoniuzia godoro likabonyea. Bibi akatikisa kichwa. Akaenda akijisemea mwenyewe. Uzee.

Bolti hajaja kula tangu Jumamosi. Wanasema anafungua injini ya lori.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kila kitu tayari kwa wageni. Sakafu imepigwa deki mpaka inateleza. Mapazia yamefuliwa. Nimeviosha viti na kuvimalizia herufi za mbele, ingawa rangi inagoma kidogo kukauka, ni rangi ya magari, haina haraka. Nimeuondoa ule mlundo wa matairi uani. Mwenyeji ni mimi, na wakiingia wasome mlangoni wanaingia kwa nani.

Kesho Bolti anapata mke. Na wakwe wanapata mama mkwe mwenye hati.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Sitaki kuandika. Lakini naandika.

Walikuja. Mjomba mtu, kipande cha mtu, shati jeupe la mikono mirefu. Shangazi wawili. Walisimama mlangoni wakilisoma lile gazeti nililobandika. Mjomba akatoa mfukoni gazeti kama hilohilo, limekunjwa. Akalilinganisha. Akakohoa. Shangazi wote wawili wakanyamaza, ni kweli walivyosema!

Nikawakaribisha viti. Wakaketi. Nikaanza kumweleza mjomba habari za daktari wetu. Akainua kiganja.

Akasema wao ni watu wa amani. Walipopata barua ya posa walifurahi, wakauliza habari za kijana, wakaambiwa ni mchapakazi, hanywi, hagombani. Binti yao anampenda. Leo wangekuja na jibu zuri kabisa. Lakini jana shangazi mmoja, ambaye yuko chama kimoja na Mama Meneja, aliletewa gazeti. Wakasoma kwamba mama mzazi wa huyu kijana amemkana, amemwacha na kumtupilia mbali kabisa na milele, mbele ya wakili, kwa kiapo. Akaniuliza, je, kijana alifanya nini? Ameiba? Amepiga mtu? Maana mama hamkani mwana gazetini kwa jambo dogo. Na kama aliyemzaa hamtaki, wao wampe binti kwa misingi gani?

Nikacheka. Kwa kweli nilicheka. Nikawaambia sikumkana mtoto, nimelikana jina. Mjomba akauliza, jina la nani? Nikasema la Bolti. Akageuka kwa shangazi, akasema mmesikia wenyewe.

Nikamwita Mzee wangu aje anitetee. Akasema yeye bado ni Baba Bolti, hana tatizo na kijana, na mengine aulizwe Baba Daktari, mume wa huyu mama. Msaada gani huo!

Bolti alikuwa amesimama pale kwenye pazia. Shati jipya, kola imefungwa hadi juu.

Wakainuka. Mjomba akageuka kutoka, na mgongoni mwa lile shati jeupe, jamani, rangi nyekundu, herufi zimegeuka kinyumenyume, MAMA DAKTA yote. Shangazi nao vivyo hivyo. Wamepita mtaa mzima hivyo. Mama Meneja alikuwa dirishani.

Mjomba amesema hakuna jibu. Mpaka mama huyu asimame palepale alipomkana mwanawe, amkubali, na wao wakiwa wanasikia.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Bolti amekuja asubuhi. Nilimwandalia chai kwenye kikombe chake kikubwa. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akanawa tena, akaketi.

Nikamweleza yote, lango la hospitali, mlinzi, vipuri. Nikamwambia yeye si aliyenikosea, mwenye kosa ni yule mlinzi. Akasikiliza. Kisha akasema, mama, kama ni hii grisi ya mikononi, mimi nitakuwa nanawa kabla sijaja.

Tu.

Nikamkatia kipande kinene cha mkate. Nikakipaka siagi pande zote mbili.

Nikamwambia kunywa chai, baba, itapoa. Kesho naenda mahakamani. Mama yako akifunga fundo, analifungua mwenyewe.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Karani ameniona nikiingia akainua macho mbinguni. Nadhani alikuwa ananiombea. Bwana wa shamba yupo bado, kesi yake imeahirishwa. Akauliza mwanangu amefika chuo? Nikamwambia mambo yameharibika. Akanipisha mbele. Kumbe ana moyo.

Karani amesema ombi langu limepangwa mbele ya hakimu Jumatano. Ninaruhusiwa kuliondoa mwenyewe, hapo hapo mahakamani. Wakwe waje wakae nyuma, ni wazi kwa kila mtu.

Mzee amepeleka ujumbe kwa mjomba. Mjomba amejibu watakuja, ila hawatakaa kwenye viti vyangu. Nikamwambia Mzee viti vya mahakama ni vya serikali.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Nimetingisha mahakama!

Niandike kwa utaratibu. Hakimu ni mwanamke, umri wa kuweza kuwa mdogo wangu, sauti ya taratibu. Benchi la nyuma mjomba na shangazi. Benchi la pembeni Mzee wangu, na Daktari aliyeomba ruhusa kazini, uso kauficha kwa mkoba. Mlangoni Bolti, amesimama, mikono kaitia mifukoni. Na Mama Meneja! Nani alimwalika?

Hakimu akasema ameona ombi la kubadili jina kuwa Mama Daktari. Akasema kwanza lazima aniambie kwamba Daktari ni cheo cha taaluma, na mtu ambaye si daktari hawezi kujiita hivyo kwenye kitambulisho, hata kwa kutanguliza Mama, umma utapotoshwa. Halafu, kwa wema tu, akauliza, kwa hiyo una mtoto daktari?

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Aliuliza mwenyewe! Nikamwambia, mheshimiwa, si daktari tu, ni daktari wa kushika kisu! Nikaanza na wanasesere. Nikafika sekondari. Nikaona hakimu anatabasamu, nikaona kumbe bado kuna nafasi, labda kwa kubanabana, labda Mama wa Daktari...

Mjomba akakohoa.

Nikageuka. Bolti alikuwa anatoka. Hakukasirika, hakupiga mlango, anatoka polepole tu kama mtu aliyeona basi lake limejaa. Na mikono ameitoa mifukoni. Ameinawa mpaka vidole vimechubuka.

Nikaita, Bolti! Mahakamani hapo, bila ruhusa. Askari akashtuka. Nikasema mheshimiwa, ombi naliondoa. Naliondoa lote. Huyu Daktari nilimzaa tayari nikiwa mama. Aliyenifanya mama ni yule pale mlangoni. Kabla yake nilikuwa mtu tu. Mimi ni Mama Bolti, na aliyesoma gazeti vibaya, kosa ni langu niliyetaka maneno makali.

Mahakama nzima ikageukia mlangoni. Shangazi mmoja akatoa leso. Bolti akabaki pale mlangoni, akitazama viatu vyake.

Nilisema vizuri mno! Nikaona karani hakuwa ameandika, nikarudia tangu mwanzo ili aandike. Hakimu akasema inatosha. Nikarudia kile kipande cha kabla yake nilikuwa mtu tu, maana ndicho kilichowashika. Hakimu akasema mama, keti. Ombi limeondolewa.

Nje, mjomba akamkumbatia Bolti. Akamwambia, una mama mwenye kelele, lakini ni wako. Bolti akacheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu viti. Daktari akamshukuru kaka yake, akasema amemwokoa na yeye pia. Sikuelewa alikuwa anaokolewa na nini.

Bwana wa shamba alinipigia makofi. Kesi yake imeahirishwa tena.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Jibu limeletwa. NDIYO! Vigelegele mpaka Mama Meneja akafunga dirisha, kisha akalifungua, akapiga na yeye. Si mbaya kihivyo, mwanamke yule.

Arusi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao. Kadi zimeshapelekwa kuchapwa, jina la Bolti kwa herufi za dhahabu. Viti Bolti amevisafisha mwenyewe kwa petroli, akairudishia migongo maandishi yake ya zamani. Anaandika vizuri kuliko mimi. Alikunywa chai vikombe viwili, akaomba cha tatu.

Jambo moja dogo. Leo tulipotambulishana, mama wa binti alisimama akasema yeye ni Mama Mwalimu, maana kifungua mimba wake anafundisha. Alisema kwa unyenyekevu, lakini nilimwona. Kidevu kilipanda. Halafu ikafika zamu yangu. Mama Bolti. Hakuna aliyecheka. Lakini hata kidevu changu hakikujua kielekee wapi.

Jumanne, tarehe 25 Machi

Nimefikiri, na nimeona kosa lilikuwa wapi.

Kosa lilikuwa kumbadilisha mama! Mama habadilishwi, hata mahakama imekubali. Mama anafuata mtoto. Sasa kama mama anafuata mtoto, wa kubadilishwa ni nani? Ni mtoto! Jambo liko wazi kama jua na wasomi wote wale hawakuliona.

Leo nimepita kwa wakili chini ya ngazi. Nikamuuliza kwa mfano tu. Nikasema, kwa mfano kuna kijana anaitwa Bolti, na mama yake anataka kumpa zawadi ya arusi. Wakili akasema cheo hakiruhusiwi. Nikasema najua, mimi si mgeni wa sheria. Nataka Bingwa. Bingwa si cheo, ni sifa, na ya kweli. Mama Bingwa! Mama Mwalimu atafute pa kukiweka kidevu chake. Tena hapa simkani mtu yeyote, mwanangu anabaki kifungua mimba wangu, mimi nabaki mama yake. Kila mtu anafurahi. Hata Mzee hatalalamika, saa tutaichonga upande wa nyuma.

Wakili akasema kijana ni mtu mzima, lazima aje mwenyewe kuapa na kutia saini. Hilo si kitu. Nitamwambia twende tukamalizie karatasi za ile kesi yangu. Bolti husaini risiti za vipuri akiwa amelala chini ya gari, mkono peke yake ndio unatoka. Na maneno ya kiapo nitamkoholea katikati, nimejifunza kwa mjomba.

Tangazo nimeomba litoke Ijumaa, mkesha wa arusi, ili iwe zawadi ya ghafla. Na maneno nimeyachagua yaleyale, maana ni mazuri na nilishayazoea. *Mimi, zamani nikiitwa Bolti, nimelikana, nimeliacha na kulitupilia mbali kabisa na milele jina hilo.* Nitapeleka gazeti kwa mjomba kwa mkono wangu, asubuhi na mapema, kabla hajavaa.

Hebu fikiria! Binti wa watu kalala akijua anaolewa na Bolti, anaamka anaambiwa Bolti hayupo tena, anaolewa na mtu mwingine kabisa. Furaha gani itaizidi hiyo?